Taa ya kambi ya kuchaji: Faida imo ndani ya taa, haimo kwenye boksi

MFANYABIASHARA anayetaka kuagiza taa za kambi za kuchaji hupokea kutoka kiwandani orodha ya bei yenye mistari mingi. Taa mbili zinaweza kufanana kwa kimo, kwa rangi ya plastiki na hata kwa picha iliyoko kwenye boksi, lakini moja ikawa ghali kuliko nyingine kwa kiasi kikubwa. Wengi huchukua ya bei ya chini, wakiamini kuwa mteja hataona tofauti. Mteja huiona baada ya miezi mitatu, na huirudisha dukani.

Taa inayozungumziwa hapa ni ile ya LED yenye betri ndani, inayochajiwa kwa waya wa simu au kwa jua, na ambayo mtumiaji anaweza kuibadili mwanga wake kutoka njano ya kibatari hadi weupe wa adhuhuri. Kampuni za utalii za Arusha na Moshi huhitaji taa za aina hii kwa ajili ya mahema. Wenye nyumba huzitumia umeme unapokatika. Wauza chakula wa usiku nao huzitaka, kwa sababu chipsi na mishikaki havivutii macho chini ya mwanga wa buluu.

Soko lipo. Linalotakiwa ni kujua jinsi taa inavyosanifiwa, kwani kila uamuzi wa msanifu huishia kwenye daftari la muuzaji, ama upande wa faida ama upande wa hasara.

Ilikotoka

Biashara ya taa za kambi ni ya zamani. Taa ya presha ya Petromax, ambayo wengi huiita karabai, ilitoka Ujerumani mwaka 1910. Kampuni ya Coleman ya Wichita, Marekani, ilianza kuuza taa yake ya kubeba mwaka 1914. Kwa miongo mingi, mwenye duka aliyeuza karabai, chemli, tambi na vioo vya akiba alikuwa na mteja wa kudumu, kwa sababu taa hizo zilihitaji vipuri na mafuta kila wakati.

Mambo yalibadilika Japani. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia alitangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali, na mwaka 1996 kampuni hiyo ikatoa LED nyeupe kwa kupaka unga wa njano unaong'aa juu ya ile ya buluu. Nakamura pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo ya LED ya buluu.

Msingi huo ni muhimu kwa muuzaji, kwani ndio unaoeleza kwa nini taa za bei ya chini huwa na mwanga wa baridi. Unga unaobadili mwanga wa buluu kuwa njano na nyekundu hupoteza nishati kidogo. Kadiri mwanga unavyofanywa wa joto zaidi, ndivyo lumeni zinavyopungua kwa kila wati. Kiwanda kinachotaka kuandika idadi kubwa ya lumeni kwenye boksi huchagua LED ya buluu-nyeupe. Namba inapanda, lakini macho ya mteja hayafurahi.

Rangi ya mwanga ni bidhaa

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa una takriban kelvini 1,900. Balbu ya zamani ya waya ina 2,700. Mwanga wa mchana huwa kati ya 5,000 na 6,500. Namba ndogo maana yake ni mwanga wa njano, na namba kubwa ni mwanga mweupe unaoelekea buluu.

Kwenye kambi, kila kiwango kina kazi yake. Mwanga wa njano huvuta wadudu wachache kuliko ule wenye buluu nyingi, jambo ambalo mpishi wa kambi hulijua bila kuambiwa. Vilevile mwanga wenye buluu kabla ya kulala huzuia mwili kutoa melatonini, homoni ya usingizi, hivyo kwa saa za mwisho ndani ya hema kiwango cha 2,200 au 2,700 ndicho kinachofaa. Mwanga mweupe wa 5,000 au zaidi unafaa kwa kutengeneza gari, kusoma ramani au kutafuta kitu kilichoanguka.

Kiwango cha katikati nacho kina wateja wake. Mlimani, kiongozi wa msafara hutazama midomo na kucha za mpandaji kuona kama zimegeuka buluu, dalili ya upungufu wa oksijeni. Viwango vya taa za hospitali vya Australia na New Zealand hutaka mwanga wa kati ya kelvini 3,300 na 5,300 mahali ambapo dalili hiyo huangaliwa. Muuzaji anayeweza kumweleza hivyo mnunuzi wa kampuni ya utalii atasikilizwa kuliko yule anayesema tu kwamba taa yake inang'aa sana.

Pamoja na kelvini kuna kipimo cha pili, uaminifu wa rangi, kinachojulikana kwa herufi CRI. Mwanga wa jua hupewa 100. Taa nyingi za kawaida zina 70 hadi 80, na zilizo bora zina 90 au zaidi. Nyama, nyanya na damu huonekana kijivu chini ya taa ya 70 hata kama kelvini zake ni nzuri. Kupanda hadi 90 huongeza gharama na hupunguza lumeni kidogo, lakini tofauti yake mteja huiona papo hapo taa mbili zikiwekwa mezani pamoja.

Safu mbili, na ujanja wake

Taa inayobadili rangi haina LED ya ajabu ndani yake. Ina safu mbili: moja ya njano, kwa mfano kelvini 2,700, na nyingine nyeupe, kwa mfano 6,500. Kichipu kidogo hugawa umeme kati ya safu hizo kwa kuziwasha na kuzizima kwa kasi ambayo jicho haliioni. Safu ya njano ikipewa muda mwingi zaidi, mwanga unakuwa wa njano, na kinyume chake.

Hapa kuna mambo matatu ambayo mwagizaji anapaswa kuyauliza.

La kwanza ni mgawo wa umeme. Katika taa iliyosanifiwa vizuri, jumla ya umeme haibadiliki: asilimia 100 kwa njano, au 50 kwa 50, au asilimia 100 kwa nyeupe. Zipo taa ambazo kwa kiwango cha kati huwasha safu zote mbili kwa nguvu kamili. Mwanga unaongezeka ghafla, na betri inaisha kwa nusu ya muda ulioandikwa. Mteja hulalamika kuwa betri ni mbovu, ilhali kosa ni la mpangilio.

La pili ni hesabu ya mchanganyiko. Ukichanganya sawasawa mwanga wa 2,700 na 6,500 hupati 4,600, ambayo ni wastani wa kawaida. Unapata karibu 4,000, tena mwanga unaelekea kidogo kwenye rangi ya waridi. Kiwanda kinachojua kazi yake hurekebisha mpangilio ili kitufe kikigeuzwa hatua kwa hatua, mabadiliko yaonekane sawa. Kisichojua humwachia mteja kitufe ambacho nusu yake ya kwanza hubadili kila kitu na nusu ya pili haibadili chochote.

La tatu ni kasi ya kuwasha na kuzima. Kasi ikiwa ndogo, mwanga hutetema na kichwa huuma baada ya saa moja ya kusoma. Mwongozo wa taasisi ya wahandisi IEEE wa mwaka 2015 hauweki kikwazo kwa mtetemo unaozidi mara 3,000 kwa sekunde. Jaribio la dukani halina gharama: punguza mwanga hadi mdogo kabisa, kisha itazame taa kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inayotembea, kasi ni ndogo.

Betri ndiyo moyo wa hesabu

Sehemu kubwa ya malalamiko hutokana na betri, na hapa ndipo udanganyifu ulipokithiri. Betri inayotumika sana ni ya lithiamu aina ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Betri halisi ya ukubwa huo hubeba kiasi cha miliampea-saa 2,000 hadi 3,500. Ukikuta imeandikwa 9,900, maandishi hayo ni ya uongo, kwa sababu teknolojia ya kuingiza kiasi hicho katika kopo hilo haipo sokoni.

Mizani ya duka la dhahabu inatosha kumuumbua muuzaji wa betri bandia. Betri halisi ya 18650 ina uzito wa karibu gramu 45. Ile yenye gramu 30 au chini ya hapo imefichwa kitu kidogo ndani ya kopo kubwa.

Hesabu ya muda wa kuwaka ni rahisi, na kila mwenye duka anaweza kuifanya. Betri ya miliampea-saa 2,600 yenye volti 3.6 ina wati-saa 9.36. Toa asilimia 15 kwa upotevu wa saketi, zinabaki takriban 8. Taa yenye ufanisi wa lumeni 100 kwa kila wati, ikitoa lumeni 250, hula wati 2.5. Gawanya 8 kwa 2.5: ni saa 3 na dakika kama 12. Taa hiyohiyo ikipunguzwa hadi lumeni 50 itawaka saa 16.

Ndiyo maana boksi linaweza kuandika lumeni 500 na saa 40 bila kusema uongo mtupu: namba ya kwanza ni ya mwanga mkubwa kabisa, na ya pili ni ya mwanga mdogo kabisa. Mwagizaji makini hudai jedwali linaloonyesha saa kwa kila kiwango cha mwanga, kisha hulijaribu mwenyewe kwa saa ya ukutani.

Kuna chaguo la pili, lithiamu ya chuma na fosfeti. Kopo la ukubwa uleule hubeba karibu nusu ya nishati, yaani wati-saa 5 hivi. Lakini lithiamu ya kawaida huanza kuchoka baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, na hii ya chuma hufikia mara 2,000, tena hustahimili joto vizuri zaidi. Kwa hoteli ya mahema inayochaji taa kila siku, mara 500 ni mwaka mmoja na miezi minne. Kwa mteja anayeitumia umeme ukikatika, ni miaka mingi. Bidhaa ni moja lakini wanunuzi ni wawili, na kila mmoja ana betri inayomfaa.

Betri za zamani za risasi na tindikali bado zimo ndani ya taa za bei ya chini kabisa. Zikiachwa bila chaji kwa miezi kadhaa huharibika ndani na hazirudi tena. Mzigo unaokaa baharini, bandarini na kisha ghalani ndio mahali hasa pa kuziua.

Taa inayokufa ikiwa kwenye boksi

Hata betri nzuri inaweza kufa kabla ya kuuzwa. Taa nyingi za sasa hazina swichi inayokata umeme moja kwa moja. Zina kitufe laini, na kichipu hukesha ndani kikisubiri kubonyezwa. Kichipu hicho hula umeme saa zote.

Tuseme kinakula nusu miliampea. Kwa siku moja ni miliampea-saa 12. Kwa siku 180 ni 2,160. Betri ya 2,600 iliyotoka kiwandani ikiwa imejaa nusu itakuwa imekwisha kabla ya miezi minne, na betri ya lithiamu ikishuka chini ya volti 2.5 huharibika. Kichipu kilichopangwa vizuri hula kama mikroampea 10, ambazo kwa siku hizohizo 180 ni miliampea-saa 43 tu.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho, wala haimo kwenye karatasi ya bei. Fundi redio mwenye mita huipima kwa dakika tano. Kwa mtu aliyefunga mtaji wake katika katoni 20 zilizoko ghalani, dakika hizo tano zina thamani kuliko punguzo lolote la bei. Viwanda vingine huweka kipande cha plastiki cha kuchomolewa kinachotenga betri hadi siku ya kuuzwa. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na kinafaa kudaiwa.

Chaji, waya na jua

Siku hizi mteja anataka tundu la USB-C, kwani ndilo la simu yake. Lakini tundu la USB-C linaweza kuwekwa vibaya. Kanuni yake inataka rezista mbili za kilo-omu 5.1 ndani ya taa, ili chaja itambue kuwa kuna kifaa kinachohitaji umeme. Viwanda vinavyobana senti huziacha. Taa hiyo huchaji kwa waya wa zamani wenye kichwa kipana, na hukataa kabisa kwa chaja mpya yenye USB-C pande zote mbili. Mteja hudhani taa imekufa. Hasara yote hiyo hutokana na vipande viwili visivyofika bei ya pipi.

Kuhusu jua, hesabu ni kali zaidi. Paneli ndogo iliyobandikwa juu ya taa, tuseme sentimita 5 kwa 8, ina eneo la sentimita za mraba 40. Kwa jua kali na ufanisi wa asilimia 20, inatoa wati 0.8. Kwa saa tano za jua zuri ni wati-saa 4, na baada ya upotevu zinabaki kama 3. Ili kujaza betri ya wati-saa 9.36 zinahitajika siku tatu za jua, taa ikiwa haitumiki. Paneli hiyo ni msaada wa dharura, na anayeiuza kama chaja kamili anajitafutia ugomvi. Paneli ya kukunja ya wati 6, iliyo kando na taa, ndiyo inayoweza kuijaza kwa siku moja.

Mpango wa Lighting Africa ulioanzishwa mwaka 2007 na Benki ya Dunia na IFC ulizaliwa kutokana na tatizo la aina hii: taa za jua zilizoahidi mengi na kutoa kidogo zilikuwa zikiwafukuza wateja sokoni. Mpango huo ulileta vipimo vya maabara, sharti la boksi kusema kweli, na dhamana isiyopungua mwaka 1 kwa taa ndogo za jua. Mwaka 2020 kazi ya kuhakiki ubora ilihamishiwa kwenye mpango wa VeraSol. Kwa muuzaji wa taa za jua, jina la bidhaa likiwa katika orodha za mipango hiyo ni silaha ya kuuzia.

Kilimanjaro kama kipimo

Mfano wa Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, unaonyesha jinsi mahitaji ya mteja yanavyopaswa kuongoza usanifu. Safari ya njia ya Machame huchukua siku 6 au 7. Hema la kulia chakula huhitaji mwanga wa lumeni 250 kwa kama saa tatu kwa siku, jioni na alfajiri. Hiyo ni wati-saa 7.5 kwa usiku, na 45 kwa siku sita. Betri moja ya 18650 inatosha usiku mmoja tu.

Msanifu ana njia mbili. Ama anaweka betri mbili au tatu na kuongeza paneli ya kukunja, ama anaweka nyingi za kutosha safari nzima na kumwongezea mzigo mpagazi, ambaye uzito wa mzigo wake hupimwa getini. Kampuni nyingine hazitaki jua kabisa, kwa sababu ukungu wa msituni hauaminiki. Anayewauzia lazima aulize kwanza.

Baridi nayo ina hesabu yake. Kibo, kwenye mita takriban 4,700, usiku joto hushuka chini ya nyuzi sifuri. Lithiamu hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa baridi, na kuichaji ikiwa chini ya sifuri huiharibu kabisa. Saketi nzuri ina kihisi cha joto kinachozuia chaji hadi betri ipate joto. Saketi ya bei ya chini haina.

Kwa mvua, alama ya kutazama ni IP. IPX4 inamaanisha taa hustahimili maji ya kurushiwa kutoka kila upande. IP67 inamaanisha haipitishi vumbi, na huvumilia kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Kambi nyingi zinatosheka na IPX4 pamoja na kifuniko kizuri cha mpira kwenye tundu la chaji, mahali ambapo maji na vumbi huingia kwanza.

Daftari linasemaje

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyabiashara ana uwezo wa kuleta taa 500. Taa ya aina ya kwanza inamfikia ghalani kwa Sh 20,000 na anaiuza kwa jumla Sh 28,000. Ya aina ya pili, yenye betri ya kweli, saketi kamili na CRI ya 90, inamfikia kwa Sh 28,000 na anaiuza Sh 38,000.

Kwenye karatasi, taa ya kwanza inashinda. Mtaji wa Sh milioni 10 unaleta faida ya Sh milioni 4, yaani asilimia 40. Ya pili inahitaji mtaji wa Sh milioni 14 na faida yake ni Sh milioni 5, karibu asilimia 36. Mwenye haraka angefunga daftari hapo.

Sasa weka taa zinazorudishwa. Tuseme asilimia 15 ya taa za kwanza zinarudi na wateja wanarejeshewa fedha. Zinabaki taa 425 zilizouzwa, sawa na Sh 11,900,000. Faida ni Sh 1,900,000, yaani asilimia 19. Kwa taa ya pili tuseme asilimia 3 zinarudi. Zinabaki 485, sawa na Sh 18,430,000. Faida ni Sh 4,430,000, karibu asilimia 32.

Kwa bei hizo, taa ya kwanza inaifikia ya pili kwa asilimia ya faida endapo tu zinazorudishwa hazizidi 6 katika kila 100. Zikifika 143 kati ya 500, mfanyabiashara amefanya kazi ya bure na amepata hasara kidogo. Hesabu hii haijagusa nauli za kurudisha, muda wa kubishana, wala duka la rejareja ambalo halitaagiza tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kuandika taa zinazorudi na sababu zake atajua kwa oda moja tu kama kiwanda chake kinafaa.

Kuagiza kwa jina lako

Wapo wanaotaka taa yenye nembo yao. Kosa la kawaida ni kuanza na umbo. Kalibu mpya ya plastiki hugharimu maelfu ya dola, na gharama hiyo ikigawanywa kwa taa 500 huua bei. Busara ni kuchagua umbo ambalo kiwanda tayari kina kalibu yake, na kutumia fedha kwa vitu vya ndani: aina ya LED na CRI yake, betri na jina la aliyeitengeneza, saketi ya chaji yenye kukata umeme betri inaposhuka, rezista za USB-C, na kitufe cha rangi kilicho tofauti na kitufe cha nguvu ya mwanga.

Yote hayo yaandikwe kwenye mkataba wa oda pamoja na namba za vipimo. Sampuli iliyokubaliwa ifungwe kwa sahihi na ibaki mkononi mwa mnunuzi, kwani sampuli nzuri ikifuatwa na mzigo mbaya ni mchezo wa siku nyingi. Malipo ya mwisho yasitoke kabla taa kadhaa zilizochaguliwa bila mpangilio kutoka kwenye mzigo wenyewe hazijafunguliwa na kulinganishwa na sampuli hiyo.

Nyaraka nazo zisisahauliwe. Betri ya lithiamu haisafirishwi bila ripoti ya jaribio la UN 38.3. Kwa ndege masharti ni magumu zaidi, na tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo hazipandi ndege ya abiria. Anayepanga kuleta betri za akiba azilete kwa meli. Kwa forodha, taa za kubeba zenye betri yake ndani zimo katika kundi la 8513. Mwagizaji amuulize wakala wake ushuru wa kundi hilo, na masharti ya ubora ya TBS au KEBS, kabla ya kulipa fedha ya kwanza. Mzigo ukishafika bandarini bila cheti, gharama za kuhifadhi hula faida yote.

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia iliyo salama ni kuanza na sampuli tano kutoka viwanda vitatu. Zipimwe kwa mizani, mita, kamera ya simu na saa ya ukutani. Mbili kati ya kila tano ziachwe kwenye kabati kwa mwezi mzima, kisha voltiji ya betri ipimwe tena. Moja ifunguliwe na fundi. Gharama ya zoezi zima haifiki bei ya katoni moja iliyorudishwa.

Msimu mkubwa wa kupanda Kilimanjaro huanza Juni hadi Oktoba, na mwingine huwa Januari hadi mapema Machi. Kampuni za utalii hukagua vifaa vyao kabla ya hapo. Anayetaka kuwauzia mwezi Mei anapaswa kuwa na sampuli mezani mwaka unapoanza, kwani kuzalisha, kusafirisha kwa meli na kutoa mzigo bandarini huchukua miezi. Anayeanza kutafuta kiwanda mwezi Aprili atachukua chochote kilicho tayari, na kilicho tayari ndicho wenzake walichokikataa.